Darubini ya Mama



Ndugu wasomaji mlioko Lamu, Malindi, Mombasa na Vanga, jioni mnapotoka kuutafuta mwezi mwandamo huwa mmeipa bahari mgongo. Pwani imejaaliwa macheo. Machweo yenu yako upande wa bara, na mwezi mchanga huzama nyuma ya minazi, minara na maghorofa ya watu. Sisi wenzenu tulioko Kisumu mambo yametugeukia. Ziwa liko magharibi yetu, Ghuba ya Winam imefunguka mbele ya macho, na jua hushuka upande wa maji bila ya mnazi hata mmoja wa kulizuia. Tena jua letu hutua takriban dakika ishirini baada ya la Mombasa, kwa hiyo mwezi tunaouona sisi huwa umeongezewa dakika hizo ishirini za umri. Ni chache, lakini mtafuta mwezi hadharau dakika.

Babu yetu mzaa mama alikuja huku kutoka Mombasa kwa gari la moshi, kufuata kazi ya meli za ziwani. Reli ilikuwa imekwisha kufika tangu tarehe 20 Disemba 1901, wakati mji ukiitwa Port Florence, na nyuma ya reli walifuata watu wa kila kabila na kila biashara. Wakajenga, wakaswali, wakazikwa huku huku. Sisi ni wajukuu wake, ndugu wanne wa tumbo moja, na tumeandika kwa pamoja kwa sababu kisa hiki ni cha wote wanne na hakuna aliyekubali kumwachia mwenzake akisimulie peke yake.

Kisa chenyewe kinamhusu Mama.

Kwa miaka mingi pale Kaloleni, Mama alikuwa ndiye jicho la mtaa. Jioni ya mwezi ishirini na tisa Shaaban wanawake walikusanyika uani petu, watoto wakapanda juu ya mapipa, na wanaume wakitoka msikitini baada ya Magharibi walipita kuuliza, 'Bibi ameuona?' Akiuona hakupiga kelele. Alinyamaza kwanza, akainua mikono kuomba dua, ndipo akanyoosha kidole. Vigelegele vilikuwa kazi ya wengine. Sisi tulikua tukiamini kwamba mwezi huandama kwa sababu Mama ametoka nje.

Mwaka 2023 tulikwenda naye ufuoni, karibu na Dunga. Mjukuu wake wa kike, mwenye miaka minane, akauona wa kwanza, kisha sisi sote tukauona, ukucha mwembamba ulioning'inia juu ya maji. Mama akauliza, 'Uko wapi?' Tukamwelekeza: juu ya ule mtumbwi, panda kidogo, hapo penye rangi ya chungwa. Akatazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, 'Naam, nimeuona,' akainua mikono kuomba dua. Tulijua kwamba hakuuona, kwa sababu uso wake ulikuwa umeelekea kushoto.

Njiani hakuna aliyesema neno. Daktari alikuwa ameshamwambia zamani kwamba ana mtoto wa jicho, na Mama alikuwa ameshamjibu zamani kwamba kisu hakitaingia jichoni mwake. Hatukuwa na ujasiri wa kulifufua jambo hilo. Tukafanya wafanyavyo watoto wanaompenda mzazi na kumwogopa: tukaamua kumnunulia kitu. Tutamtafutia darubini, tulisema, ya bei ya watu wa kawaida na ya kutegemewa, na Ramadhani ijayo atauona mwezi kama zamani.

Tulidhani ni kazi ya siku moja. Ilituchukua miezi tisa, na hapa tunawaeleza tulipokosea, kwa kuwa tunajua wengi katika nyinyi hununua vyombo hivi kwa ajili ya hilali, au kwa watoto wanaopenda nyota na ndege, na wauzaji ni wale wale.

Darubini ya kwanza tuliinunua kwa mchuuzi mmoja kwa shilingi 2,800. Juu ya sanduku paliandikwa kwamba hukuza mara mia moja, mchana na usiku. Lenzi zake za mbele zilikuwa nyekundu kama juisi ya ukwaju, na mchuuzi akatuapia kwamba wekundu huo ndio unaoziwezesha kuona gizani. Tukamwamini! Usiku ule ule tukaitoa nje kuutazama mwezi mpevu, ambao hata jicho bovu huuona, nasi tukaona miezi miwili iliyopandana, yote miwili ikitetemeka. Siku hizi tunajua kwamba rangi ile nyekundu huirudisha nje sehemu ya mwanga badala ya kuupitisha, na kwamba mirija ile miwili haikuwa imenyooshwa pamoja, ndiyo maana kila jicho likaona mwezi wake. Mama aliitazama mara moja tu, akarudisha, akasema kichwa kinamuuma.

Kosa la pili lilikuwa karibu kutokea, na hilo lilitoka kwa mtu mwema.

Mjomba wetu anaishi Maskati, na mwisho wa juma hupenda kwenda kulenga shabaha pamoja na marafiki zake. Aliposikia habari yetu akatuambia kwamba amenunua darubini mpya ya bunduki, na ile ya zamani, ambayo bado ni nzima, yuko tayari kumletea dada yake. Tulifurahi. Kwetu sisi darubini ilikuwa ni darubini. Bahati njema Mjomba ni mtu anayependa kufundisha kuliko kutoa, na kabla ya kuituma alitupigia simu akatueleza kwa karibu saa nzima jinsi chombo kile kinavyochaguliwa. Kadiri alivyoeleza, ndivyo tulivyozidi kuona kwamba si chetu.

Sifa ya kwanza ya darubini ya bunduki, alisema, si kukuza. Ni kutosogea. Bunduki inapolia hurudi nyuma kwa kishindo, na kishindo hicho hupita katika kila skrubu na kila kioo. Iliyo rahisi mno huonekana nzuri dukani, lakini baada ya risasi chache ile misalaba iliyochorwa ndani huhama kwa unywele mmoja, na unywele mmoja mkononi ni shubiri kwenye shabaha. Ina vitasa viwili vya kurekebisha, kimoja cha juu na chini, kingine cha kulia na kushoto, na katika nyingi kila mlio mmoja wa kitasa husogeza pigo kwa milimita saba hivi katika umbali wa mita 100. Mwenye kutaka kujua kama vitasa hivyo ni vya kweli hupiga risasi moja, kisha huzungusha milio kadhaa juu na kupiga, halafu kulia, halafu chini, halafu kushoto. Akichora mraba, na risasi ya mwisho ikarudi penye tundu la kwanza, chombo ni cha kuaminika hata kama bei yake ni ndogo. Isiporudi, hata kikiwa cha bei kubwa, Mjomba hakitaki. Akaongeza kwamba anayeanza anatosheka na kinachokuza mara tatu hadi tisa chenye lenzi ya milimita 40, na kwamba fedha zinazobaki azitumie kununua vikuku madhubuti vya kukifungia.

Jambo jingine ni nafasi ya jicho. Chombo hicho kimetengenezwa ili jicho likae umbali wa sentimita nane hadi kumi, kwa sababu bunduki ikirudi nyuma huweza kumpasua mtu nyusi. Ni cha jicho moja. Na kikiwa kimekuza mara tisa, humwonesha mtazamaji kipande cha mbingu kisichofika upana wa miezi mitano iliyopangwa sambamba. Kumpa mama wa miaka sabini na minne tundu la aina hiyo, aushike kwa mkono unaotetemeka, autafute mwezi ambao tayari hajui uko wapi! Mjomba mwenyewe alifika hapo akanyamaza, kisha akacheka.

Yako mengine pia. Hapa Kenya uwindaji umepigwa marufuku tangu mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haikulegeza. Jirani zetu wa Tanzania bado hutoa vibali vya uwindaji, nao wana haja ya vyombo hivyo. Sisi hatuna bunduki, hatuna leseni, na hatukutamani kusimama forodhani tukieleza kwamba kifaa cha silaha kimeagizwa kwa ajili ya kufunga Ramadhani. Mjomba alitukumbusha pia kwamba katika kundi lao mtu akionekana anatazama watu au mandhari kwa darubini iliyoko juu ya bunduki hufukuzwa siku ile ile, kwa kuwa anachokitazama amekielekezea mtutu. Dini yetu imekataza hata kumwelekezea ndugu silaha kwa mzaha. Na Mama, aliposikia ni darubini ya namna gani, alimaliza mjadala kabla yetu: 'Mwezi wa Mwenyezi Mungu siutazami kwa kitu cha kuulia.'

Tulimwonea haya Mjomba kwa kukataa zawadi yake, naye hakukasirika. Alituachia neno moja ambalo lilitufaa kuliko zawadi. 'Msinunue ukubwa,' alisema. 'Nunueni mwanga, na nunueni utulivu.'

Maana ya neno hilo tuliielewa Dunga. Watu wa Kisumu wanaijua Dunga kwa samaki na kwa machweo, lakini pembeni yake kuna kinamasi cha mafunjo ambacho wapenda ndege hukijia kutoka mbali, na wako vijana wa hapo hapo wanaowatembeza wageni. Asubuhi moja tulilipa ada yetu kama wageni wengine na kumwomba kijana mmoja atuonyeshe, si ndege, bali darubini yake. Alistaajabu, kisha akaona fahari. Ilikuwa imechakaa, mpira wake umetoboka, kamba imefungwa fundo. Tukamwona ndege mweusi mwenye kifua chekundu na utosi wa manjano ndani ya mafunjo, yule asiyepatikana mbali na mafunjo, na tukaweza kuhesabu mabua yaliyokuwa mbele yake. Hapo ndipo tulipojua kwamba ile ya mchuuzi haikuwa darubini.

Kijana akatufundisha kusoma namba. Kila darubini ya macho mawili ina namba mbili, kama 8x42 au 10x50. Ya kwanza ni mara ngapi inakuza. Ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Igawe ya pili kwa ya kwanza, utapata upana wa ule mwale wa mwanga unaoingia jichoni. Arobaini na mbili kwa nane ni milimita tano na kitu. Hamsini kwa kumi ni tano kamili. Lakini zile ndogo za mfukoni, 10x25, ni mbili na nusu tu, na jioni huwa kiza. Mboni ya kijana hupanuka wakati wa utusitusi hata kufikia milimita saba, ya mzee hupungua, mara nyingi haizidi tano. Kwa hiyo 7x50, ambayo mabaharia huipenda, kwa Mama ingekuwa kumwaga maji nje ya kikombe. Tena ina uzito wa karibu kilo moja. Na kuzidi mara kumi, mkono wa mwanadamu haulitulizi jambo: kila kinachokuzwa, mtetemeko nao hukuzwa. Hapo tukamkumbuka Mjomba, na ile mara mia moja ya mchuuzi.

Basi tukatafuta 8x42. Mpya zilituzidi kidogo, kwa hiyo mmoja wetu aliyekuwa na safari ya Nairobi akaipata iliyotumika kwa shilingi 14,000, na safari hii tulijua la kuangalia. Lenzi zikielekezwa kwenye taa zirudishe kijani au zambarau hafifu, si wekundu. Darubini ikishikwa mbali na uso na kuelekezwa mbinguni, yale maduara mawili ya mwanga kwenye vioo vya nyuma yawe mviringo kamili. Yakiwa yamekatwa pembe, vioo vya ndani ni vya daraja la chini. Itazamwe nguzo ya umeme iliyo mbali: ikionekana nguzo mbili, mirija imepinda. Anayevaa miwani akunje zile pete za mpira, asiivue miwani yake. Na nyinyi wa pwani angalieni zaidi kuliko sisi ukungu unaoota ndani ya vioo kama utando wa buibui, kwa sababu unyevu wa bahari huuzaa haraka. Iliyokwisha kuota usiinunue hata ikiwa bei ya bure. Sisi yetu tunaiweka ndani ya kopo la biskuti pamoja na vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Tulimwuliza pia imamu wetu. Akatueleza kwamba amri ni kufunga kwa kuuona mwezi na kukamilisha thelathini ukifichika, na kwamba wanazuoni wamehitilafiana kuhusu chombo: wako wanaokikubali kwa kuwa kioo hakiumbi mwezi bali hukisogeza kilichopo, na wako wanaoshikilia jicho tupu. Tangazo la nchi hubaki kwa Kadhi Mkuu. Lakini mama mzee kutaka kuutazama mwezi ili aombe dua yake, alisema, hilo halina mgogoro. Akatukumbusha kwamba aliyewafundisha walimwengu jinsi jicho linavyopokea mwanga alikuwa Muislamu wa Basra, Ibn al-Haytham, takriban miaka mia sita kabla ya Galileo kuielekeza darubini mbinguni mwaka 1609. Tulirudi nyumbani tukijiona wanafunzi wake.

Jioni ile tuliyompa Mama darubini yake tuliketi barazani. Kila darubini nzuri hurekebishwa kwa mwenyewe: kwanza unafumba jicho la kulia na kuzungusha gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lione vizuri; kisha unafumba la kushoto na kuzungusha pete iliyoko kwenye kioo cha kulia mpaka nalo lione. Tukamchagulia alama, taa nyekundu ya mnara wa simu. La kushoto likakaa sawa mara moja. 'Ala!' alisema, 'naona hata vyuma vyake.' Tukahamia la kulia. Tukazungusha pete mpaka mwisho. Tukairudisha mpaka mwisho wa pili. Mama akashusha darubini na kutuhurumia.

'Wanangu, wamekuuzieni mbovu tena. Huu upande wa kulia haufanyi kazi.'

Tukaitazama mmoja mmoja, wote wanne. Pande zote mbili zilikuwa safi. Hakuna aliyethubutu kusema. Mjukuu wake ndiye aliyeichukua, akaigeuza juu chini, chini juu, akamrudishia bibi yake, na ule mrija wa kulia sasa ukawa mbele ya jicho la kushoto. Mama akatazama. Akaona vyuma vya mnara, vile vile. Kisha akafumba jicho la kushoto, akatazama kwa la kulia kupitia mrija ambao punde tu ulikuwa mzima.

Alikaa hivyo muda mrefu, na darubini usoni, kama mtu anayeona kitu. Halafu akaiweka mapajani na kusema taratibu, 'Kumbe limekwenda.'

Miaka yote ile jicho la kushoto lilikuwa likifanya kazi ya mawili, naye hakujua, au hakutaka kujua. Mambo hayo mawili kwa Mama hayako mbali. Daktari aliwahi kumwambia kwa maneno, sisi kwa minong'ono, lakini kioo kilimwambia bila ya kubembeleza. Usiku ule aliomba aachwe peke yake. Asubuhi, akichuja chai, akatuuliza kama yule daktari bado yuko.

Alikuwapo. Akampangia operesheni baada ya Idi, kwa kuwa Mama alishikilia kwamba hataanza Ramadhani akiwa na bandeji.

Mwaka 2024 mwezi ulizaliwa Jumapili tarehe 10 Machi, saa sita mchana kwa saa zetu. Jua lilipotua Kisumu ulikuwa na umri wa saa saba hivi, na tangu zamani inajulikana kwamba jicho tupu haliuoni mwezi uliopungua saa kumi na tano. Tukakaa nyumbani. Jumatatu ulikuwa umefikisha saa thelathini na moja, na jioni hiyo tukaenda ufuoni, sote pamoja na watoto.

Hapa tuna jambo la kuwaomba akina mama walisome mara mbili. Tulifika mapema. Jua lilikuwa bado liko juu ya maji kwa kimo cha mkono, jekundu, limepoa, linaonekana halina madhara. Tulikuwa tumeshughulika na mikeka, na kumtazamia kiboko, maana saa ile hutoka majini kwenda malishoni na hapendi kukutana na mtu njiani. Mjukuu akaitwaa darubini kutoka kwenye kapu na kuielekeza ziwani, kule kule tulikomwambia kwamba mwezi utatokea. Mama ndiye aliyeona. Alimpiga mkono kwa nguvu ambayo hatukuijua kwamba bado anayo, darubini ikaanguka mchangani, mtoto akalia.

Lenzi ya milimita 42 hukusanya jua na kulimimina ndani ya jicho kama kioo kinachochoma karatasi, na ngozi ile ya nyuma ya jicho haina uchungu. Mtu huungua asijue, akaamka kesho yake na doa jeusi katikati ya kila anachokitazama. Mtoto alikuwa hajalifikia jua. Alhamdulillah. Tangu siku hiyo darubini hukaa kwenye mkoba wa Mama, nao haufunguliwi mpaka ukingo wa mwisho wa jua uwe umezama na adhana imesikika. Hatujali tunakosa nini. Mwezi unaoonekana kabla ya Magharibi hauna haraka nasi.

Adhana ikaja. Tukaswali kwenye mikeka, na tulipotoa salamu ulikuwa umeshatokeza, pembe zake zote mbili zikitazama juu kama dau, ndivyo ulalavyo huku kwetu karibu na mstari wa ikweta. Mama akavaa miwani yake, akakunja pete za mpira, akafumba jicho la kulia. Wadudu wa ziwani walikuwa wakipita mbele yetu kama moshi. Mkono ukamtetemeka, tukamwekea bega la mmoja wetu, akaegemeza viwiko hapo. Tukangoja. Hatukumwelekeza popote.

Hakusema kitu. Alimkabidhi darubini aliyekuwa karibu, akainua mikono.

Operesheni ya jicho la kulia ilifanywa mwaka ule ule. Tulikuwa tumejiandaa kwa siku nzima. Haikufika nusu saa, chumba chenyewe kikiwa na redio. Walimtoa ule ukungu na kumwekea lenzi bandia, ndogo. Bandeji ilipotolewa asubuhi, jambo la kwanza alilolisema ni kwamba kuta za sebule yetu ni chafu. La kushoto lilifuata baada ya miezi kadhaa.

Mwaka uliofuata, Ijumaa tarehe 28 Februari 2025, tulikwenda tena. Mwezi ulikuwa na umri wa saa kumi na tano tu, na juu ya maji palikuwa na mawingu mazito. Hatukuona kitu, wala hatukutegemea. Jumamosi tukarudi. Mawingu yalikuwapo bado, yamepasuka hapa na pale. Sisi tulikuwa tumeinamia darubini, tukibishana ni nani aliyeigusa lenzi kwa kidole chenye mafuta ya mhamri, tukiifuta kwa ncha ya kanga, jambo ambalo kijana wa Dunga alitukataza. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka, hana miwani, hana kitu mkononi.

'Ule pale,' akasema.

Tukainua vichwa sote kwa pamoja. Wingu lilikuwa linajifunga.

'Mmeuona?'

'Naam, Mama,' tukaitikia.

'Mbona mnatazama kushoto?'